Diski Iliyopelekwa Njoro

Kisanduku kilianza kugonga wakati wa kiangazi, vumbi la Nakuru likiwa limekaa juu ya kila kitu. Hakikugonga kwa nguvu. Tik. Kinanyamaza. Tik, tik. Mzee Odero aliweka kikombe chini, akasogea karibu na meza ya televisheni, akainamisha sikio.

Kisanduku kilikuwa cha binti yake, Adongo. Alikiweka hapo Krismasi moja, kabla hajaenda Uingereza kufanya kazi ya kutunza wazee wa watu. Cheusi, ukubwa wa mkate, taa moja ya kijani.

"Hii ni seva, Baba," alisema siku hiyo. "Chukulia ni kabati. Picha na sauti za simu zenu zitakuwa zinaingia humo zenyewe. Hata simu ikiibiwa, vitu viko."

"Inakula stima?" Odero aliuliza.

"Wacha ubahili," mkewe Immaculate akamjibu.

Immaculate aliuza samaki wadogo wa omena na mboga sokoni. Alitoka alfajiri, mzee bado yuko kitandani. Mwanamke mwingine angeacha kikaratasi mezani, lakini Odero hakusoma, na jambo hilo walikuwa wamelizoea tangu ujana wao. Kwa hiyo alipofika sokoni alishika simu akaongea, akamtumia sauti. Baba Adongo, chumvi imeisha, usihangaike kutafuta. Baba Adongo, ile sweta yako imetoboka, nimeificha, usiniulize. Baba Adongo, leo nitachelewa, kula. Hivyo hivyo kwa miaka, na zote zikawa zinaingia kwenye kisanduku.

Alipofariki walimzika kijijini Ugenya. Watu wakala, wakalia, wakaenda makwao. Adongo akarudi kazini. Odero akarudi Landi, kwenye nyumba za reli, akafunga mlango.

Tangu hapo kila asubuhi alibandika chai, akafungua simu, zile sauti zikaja kutoka kwenye kisanduku, akabonyeza moja. Majina yaliyoandikwa pale hakuweza kuyasoma. Alizijua kwa mahali zilipo. Ya juu kabisa ni ya chumvi. Chini yake ni ya sweta. Alisikiliza moja tu, akazima, akanywa chai yake. Hakupenda kuzimaliza haraka.

Sasa kisanduku kinagonga.

Adongo alipopiga simu Jumapili, alimwambia babake asogeze simu karibu na kisanduku asikie. Alisikia, akajua.

"Diski ya ndani inakufa, Baba. Lazima ununue bakapu."

"Stima haijapotea."

"Si bakapu ya stima. Ya vitu vilivyo ndani. Unanunua diski ingine, wanakopi."

"Wasikopi."

"Baba..."

"Nimesema wasikopi."

Alikuwa na sababu. Babake Immaculate alizungumza siku ya harusi yao, na mtu akamrekodi kwenye kanda. Mzee huyo alipokufa, kila ndugu alitaka kanda yake. Wakakopi kwa ile redio ya milango miwili, kanda moja ikizaa nyingine. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya tatu, mzee alikuwa kama anaongea akiwa ndani ya ndoo. Iliyofika kwa Immaculate ilikuwa upepo mtupu na neno moja moja. Wakaitafuta ile ya kwanza, wakaambiwa redio ya mtu fulani Kisumu iliimeza. Immaculate aliikumbatia ile kanda ya upepo, akalia. Odero alijua siku hiyo kwamba kukopi kunakula sauti ya mtu.

Lakini asubuhi iliyofuata kisanduku kiligonga zaidi, na ile sauti ya sweta ilikataa kufunguka mpaka alipojaribu tena na tena. Akakivua nyaya, akakifunga kwa taulo, akakibeba kifuani hadi mjini.

Fundi aliyeelekezwa kwake alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Jepleting, mwenye kibanda cha kompyuta nyuma ya stendi. Alikichomeka, akakitegea sikio, akatikisa kichwa.

"Hii imechoka, mzee. Inaweza kwenda leo, inaweza kwenda mwezi ujao. Ndani kuna nini?"

"Mama Adongo."

Jepleting akangoja. "Picha zake?"

"Sauti."

Hakuuliza zaidi. Alianza kutoa vitu kwenye kabati la kioo. Kwenye benchi alikaa mwanamume mmoja akisubiri chaja yake itengenezwe, na huyo hakuweza kuvumilia kunyamaza.

"Mzee, usiuziwe vitu vya bei. Hapo nje kuna flashi kubwa kabisa, bei ya chipsi."

"Boss, ngoja chaja yako," Jepleting alisema. Akamgeukia Odero. "Hizo zimeandikwa kubwa kwa nje, ndani ni ndogo. Ukijaza, zinaanza kukanyaga vitu vya kwanza ili ziweke vya mwisho. Na hazikuambii."

"Sitaki hiyo."

"Mimi nilinunua, iko sawa tu," mwanamume akasema.

"Umewahi kuifungua ukaangalia?"

"Bado."

"Basi kaa na imani yako."

Aliweka diski mbili mezani. "Hii ina kitu kinazunguka ndani, kama hiyo yako inayogonga. Nafasi ni kubwa, bei si mbaya, lakini ukiiangusha mara moja umeipoteza. Hii ingine haina kitu kinazunguka. Ni ndogo, ni ghali kidogo, lakini haiogopi kubebwa. Mama aliongea sana?"

Odero alifikiri. "Hakuongea sana."

"Basi ndogo inatosha. Nitakuwekea moja ndani ya kisanduku badala ya hii inayokufa, na ingine ibaki nje kama akiba. Zisiwe za kampuni moja, ndio zisiugue ugonjwa mmoja. Nianze kukopi?"

"Usikopi. Hamisha."

"Kuhamisha ndio hatari yenyewe. Stima ikipotea katikati, huku umetoka na huko hujafika."

Ikabidi amweleze habari ya kanda. Alieleza kwa maneno machache, akitazama meza. Mwanamume wa chaja alicheka. Jepleting hakucheka.

"Hata sisi nyumbani tulikuwa na redio hiyo," alisema. "Kanda ilikuwa inasikiliza kanda mwenzake, halafu inasimulia yale imesikia. Ndiyo maana inaharibu. Hii haisikilizi, mzee. Inahesabu. Ikimaliza inahesabu tena, ione kama zimetoshana. Nichagulie moja unayoijua vizuri."

Odero alichagua ya chumvi. Hiyo aliijua kuliko zote, kwa sababu nyuma ya maneno palikuwa na kijiko. Immaculate alikuwa anakoroga uji wake sokoni huku akiongea, na kijiko kiligonga kikombe mara moja, mwisho kabisa, baada ya maneno kuisha.

Jepleting aliikopi. Akaikopi hiyo kopi. Akaikopi tena kopi ya kopi, akiendelea hivyo mpaka mwanamume wa chaja akauliza kama ni mchezo. Kisha akamvisha Odero vidude vya masikioni.

Odero alifumba macho. Sauti ilikuja, na nyuma yake soko, mtu akiita bei ya nyanya. Maneno yakaisha. Akangoja. Kijiko kikagonga.

"Sasa niwekee ile ya mwisho," alisema.

"Hiyo ndiyo ya mwisho."

Alikaa na vile vidude masikioni ingawa hapakuwa na kitu tena cha kusikiliza.

"Basi fanya," alisema. "Lakini zikae vile ziko. Ya juu ibaki juu."

"Ukitafuta jina lake si utaipata tu..." Jepleting alianza, kisha akamtazama usoni, akaelewa. "Zitabaki vile ziko, baba. Nitaangalia moja moja."

Alipomaliza, alimpa kisanduku kikiwa kimya, na diski ndogo ya akiba ndani ya mfuko wake. "Sasa sikiza. Hii ya akiba usiiache imechomekwa hapo. Stima ikipiga vibaya, itaua zote. Na isilale nyumba hiyo. Mwizi akiingia hachagui, na moto pia."

"Nitampa Nderitu. Tumepakana ukuta."

"Unaishi wapi?"

"Landi."

"Si huko paa ni moja kutoka mwanzo hadi mwisho?"

Odero alikubali kuwa ni moja. "Basi ikae hapa kwako."

"Duka si nyumba. Kesho naweza kuhama. Huna mtu, mzee?"

Mwanamume wa chaja alipata simu ya kutazama.

Odero alienda nyumbani na swali hilo. Alipika nalo, akala nalo. Adongo yuko mbali. Nyumba ya Ugenya imefungwa, funguo ziko kwa watu asiowaamini. Kanisani wanamjua kwa kiti anachokalia. Kila jina aliloligusa lilikuwa la mtu wa Immaculate, si wake. Ni Immaculate aliyejua nani ameugua, nani amezaa, nani atembelewe. Yeye alikuwa akifuata nyuma na kofia yake.

Lilibaki jina moja, na hilo alikuwa amelikunja akaliweka mbali. Jonah wa Njoro.

Enzi za kazi yao ya reli, pale stesheni, Odero alikuwa mwunganishaji. Aliingia kati ya mabehewa mawili na kufunga minyororo, na Jonah alisimama nje na bendera nyekundu, dereva asisogeze injini. Kuingia hapo katikati ni kumwamini mtu mmoja tu, yule mwenye bendera. Odero aliingia kwa miaka, na chakula alichofunga Immaculate asubuhi walikila wawili.

Lakini Jonah hakuja kuzika. Wazee wa reli walikuja, wasioweza wakatuma pole. Jonah hakuja wala hakutuma neno. Odero hakulisema kwa mtu. Alimtoa tu moyoni.

Akabeba diski akamfuata. Alipofika Njoro alitembea kupita mashamba ya ngano mpaka langoni kwa Jonah, akamkuta anatoka zizini na ndoo ya maziwa.

"Odero! Ni wewe ama ni mzimu? Umezeeka kama behewa la ng'ombe!"

"Na wewe umekuwa mfupi."

"Nimeinama tu, nikisimama utaniona." Jonah alicheka mpaka maziwa yakaruka. "Na Mama Adongo? Hajambo? Mwambie nilipanda zile mboga zenu za kienyeji, zikaliwa na kuku."

Odero alimtazama usoni akitafuta kejeli. Hakuiona. Jonah alikuwa anangoja kujibiwa.

Hapo ndipo alipogundua kuwa neno lenyewe hajawahi kulisema. Kila mtu aliyekutana naye alikuwa tayari anajua. Walimpa mkono, wakasema pole, akaitikia. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Alikufa," alisema.

"Nani?"

"Immaculate. Mwaka jana, wakati wa mvua."

Jonah aliweka ndoo chini. Ndama alikuja akatia mdomo kwenye maziwa, na hakuna aliyemfukuza.

"Mwaka jana," Jonah alisema.

"Ilitangazwa. Adongo aliweka kwa grupu ya wazee wa reli."

Jonah alitoa mfukoni simu ya vibonyezo iliyofungwa kwa mpira. "Hii? Hii inajua grupu?" Akaitikisa mbele ya Odero. "Njoro ni wapi, Odero? Njoro ni hapa tu. Ulishindwa hata kumtuma mtu?"

"Nilidhani umekataa kuja."

"Nikatae? Nikatae kumzika mama aliyenilisha?" Alimgeuzia mgongo, akashika ubao wa zizi. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Odero alisimama na kofia mkononi, hakujua pa kuiweka.

Waliingia ndani. Odero akatoa diski, akaiweka kwenye kitambaa cha meza, akaeleza. Ni sauti yake. Nyingine iko nyumbani. Hii inataka nyumba yenye paa lake. Isilowe maji. Na isilale sana, mara moja moja atakuja aichomeke waone kama iko hai.

"Itakaa," Jonah alisema. "Itakaa na hati ya shamba." Aliigeuza geuza diski, ndogo kiganjani. "Na mimi nikitaka kumsikia?"

Hilo Odero hakuwa amelifikiria. Kwa muda wote huo alikuwa akilinda sauti isiibiwe, isiungue, isikauke. Hakufikiria kwamba kuna mtu mwingine angetaka kuisikia.

"Ni mambo ya nyumbani tu," alisema. "Hakuna hotuba."

"Nimekuuliza, Odero."

Televisheni ya Jonah ilikuwa na tundu pembeni, kama lile ambalo Jepleting alimwonyesha kibandani. Odero alichomeka. Majina yakajaa kwenye kioo. Aliteremka chini, mbali, kwenye zile ambazo hajazifikia, akabonyeza moja bila kuchagua.

Televisheni ilikuwa na sauti kubwa kuliko simu. Immaculate aliijaza nyumba yote.

"Baba Adongo, ukitoka ufunge dirisha la nyuma, paka ya watu imezoea kuingia. Umenisikia? Hujanisikia. Haya, nimefika, niko sawa."

Jonah alivua kofia.

Mlangoni mwa jikoni vikombe vilisikika vikigongana. Chepkemboi, mke wa mwana wa Jonah, alikuwa anapika chai, na hakuwa amesikia yaliyosemwa zizini.

"Baba!" aliita kwa furaha. "Kumbe mgeni amekuja na mama? Niongeze kikombe?"

Jonah akamtazama Odero.

"Hapana, mama," Odero alijibu. "Kikombe ni kimoja tu. Nimekuja peke yangu."