Nilivyotafsiri filamu ya maroboti mbele ya wachimbaji wa Tarime

Wakuu, salaam kwenu. Nimeona watu humu wanabishana kuhusu filamu za maroboti, nikakumbuka mbali. Hili lilinitokea mimi mwenyewe na silitii chumvi. Chumvi yote niliimaliza siku ile.

Enzi za rush ya dhahabu nilikuwa machimbo ya Tarime. Kuchimba kulinishinda mgongo, nikapata kazi kwa Mama Neema, mwenye banda la video. Nilishika maiki na kutafsiri filamu kwa Kiswahili huku inacheza. English yangu ni ya form four, ila sauti ninayo.

Jumapili moja mchana akaleta filamu mpya. Dunia imeharibika, maroboti yanatawala, binadamu wanachimbishwa madini chini ya ardhi.

"Wiki mbili sasa watu wanatoka katikati ya filamu," akaniambia. "Leo wakitoka tena, maiki nampa mwingine."

Banda likajaa. Nikajipa moyo, filamu ya wachimbaji kwa wachimbaji.

Kumbe wenzangu hawakuangalia maroboti. Waliangalia duara, yaani shimo la kuchimbia.

"Shimo refu hivyo mbona halina magogo ya kuzuia kuta?" akauliza Mzee Marwa, mchimbaji wa siku nyingi, yuko benchi la mbele.

Nikajibu kwenye maiki, "Mwamba wa huko ni mgumu, mzee."

"Umeugonga wewe?"

Watu wakacheka. Shujaa akalipua baruti, akaingia hapohapo kwenye moshi. Msukuma mmoja nyuma akasema, "Huyo kesho tunamzika."

Mpaka hapo raha tu.

Kisha duara likaporomoka. Wenzake wawili wakafukiwa. Shujaa mwenyewe akachukua bunduki, akaenda zake kupigana.

Watu wakageukiana.

Kwa wasiojua: machimboni duara likiporomoka, maduara yote yanasimama. Hata kama mna ugomvi, unaacha mawe yako unakwenda kufukua mpaka mtu atoke, mzima au maiti.

Mzee Marwa akasimama. "Mura," akaniita kijana kwa Kikurya, "mwambie arudi."

"Ni filamu, mzee."

"Basi sisi tunaondoka."

Benchi zima likainuka. Mama Neema yuko mlangoni, mikono kiunoni, ananiangalia mimi.

Nikaacha kutafsiri, nikaanza kutunga. Shujaa anambembeleza mpenzi wake, mimi nasema, "Wenzangu wamefukiwa, naomba watu wenye koleo." Roboti kubwa likanguruma, nikasema, "Nendeni mkafukue. Vita itaendelea wakishatoka."

Watu wakakaa.

Mwishoni kuna umati unashangilia. Nikachagua wawili waliojaa vumbi. "Wale pale, wametolewa wazima."

Makofi yake sijawahi kuyasikia tena. Mzee Marwa akanipa mkono. "Filamu nzuri. Ila magogo waweke."

Maiki nilibaki nayo mpaka miguu iliponiwasha mwenyewe nikahama. Sasa niko Ikoma, kazi za lodge, nimetulia kiasi.

Juzi nikasoma reviews za filamu ileile. Wanasifu sound, wanalaumu story, wengine wanahesabu milipuko. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wale wawili waliishia wapi.

Nilichojifunza: mtazamaji anayekukatiza ndiye anayeangalia kweli.

Haya, semeni na nyie. Kazi yako imewahi kukuharibia filamu gani? Na waliokuwa machimbo miaka ile, nisahihisheni nilipokosea.