Bangili ya Mama Niliibadilisha kwa Vidude Vinavyong'aa

Jina langu silitaji, maana huku Lushoto tunajuana mno. Lakini kosa ni langu. Hakunishika mtu mkono, hakunisukuma shetani. Ni mimi na tamaa yangu!

Ngoja nikueleze vizuri, usije ukanicheka kabla hujaelewa.

Kwetu kulikuwa na bangili ya shaba, nzito, nyeusi kwa moshi wa jikoni. Mwanamke wa nyumba yetu akishika mimba, awe binti, mjukuu au mke aliyeolewa kwetu, anaivaa juu ya kiwiko mpaka mtoto aote jino la kwanza. Siku hiyo wanawake wanakusanyika, wanapika wali, na mzazi anatundika kitu chake kimoja kwenye bangili. Halafu vyote vinashikwa, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kinatajwa ni cha nani.

Njuga ya mbuzi ilikuwa ya mama yake bibi. Ufunguo ulikuwa wa bibi mwenyewe, wa sanduku alilopewa alipokuwa akifulia watu wa misheni kule Mlalo. Kifungo kilikuwa cha shangazi yangu, cha koti la mumewe aliyekwenda vitani Burma. Mama yangu alitundika hirizi ya ngozi, maana alizika wawili kabla yangu. Na mimi nilitundika nati ya baiskeli, kwa sababu binti yangu alizaliwa njiani nikipelekwa zahanati kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Walicheka siku ile mpaka wali ukaungua!

Mama alipofariki akaniachia mimi niitunze, kwa kuwa ndimi mkubwa wa waliobaki hai. Aliniamini, maskini.

Basi ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Nyie wadogo hamjui. Tulitoka kwenye kupanga foleni ya sabuni, ghafla gulio la Lukozi limejaa kila kitu: mitumba, redio, manukato, mikufu ya rangi ya dhahabu. Mimi nauza kabichi na karoti, nimekaa chini na kanga iliyopauka, nawaona wenzangu wanapita mikono inameremeta. Roho ikaniuma.

Kulikuwa na mwanamume mmoja, mgeni, alikuwa anazunguka kwenye magulio na begi. Anakusanya vitu vya kale, vigoda, shanga, bangili, anapeleka Arusha kwa watalii. Nikamwambia nina bangili nyumbani. Gulio lililofuata nikaja nayo kwenye kapu, chini ya karoti.

Alivyoiona tu akanyamaza. Ningekuwa na akili ningeuliza kwa nini amenyamaza! Akafungua begi akatoa bangili mpya, nyembamba, ya rangi ya dhahabu, imening'inizwa vidude vidogo: moyo, nyota, kiatu cha kisigino. "Hii ndiyo wanavaa mjini, mama," akasema. Akaongeza na viatu.

Nikajipa sababu. Nikajiambia maalim kila siku anasema hirizi ni shirki, kwa hiyo natoa shirki nyumbani. Mnafiki mkubwa mimi! Kama ilikuwa dini, mbona sikwenda kwa maalim kumuuliza? Mbona niliificha chini ya karoti?

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hata ya mavuno mengine ile dhahabu ilikuwa imechujuka, imeniachia duara la kijani mkononi. Moyo ulikatika, kiatu kikadondokea kwenye sufuria ya maharage. Nikaitupa chooni kwa hasira.

Ningeishia hapo, leo nisingekuandikia.

Wifi yangu Zaina, mke wa mdogo wangu, alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Asubuhi moja akaja kwangu, kanga imefungwa kifuani, anatabasamu kwa woga. "Shikamoo wifi. Nimekuja kuchukua ile bangili."

Jamani! Ulimi ulikuwa mdomoni, ungesema tu. Nikasema, "Iko Shume, kwa ndugu. Nitaifuata."

Nikashuka mjini kwa fundi wa masufuria, akanitengenezea bangili kwa shaba ya koki za maji. Nikaipaka masizi na mafuta. Njuga nikaipata, ufunguo nikatoa kwenye kufuli bovu, kifungo nikakata kwenye koti la mtumba. Nati ndiyo usiseme, baiskeli zimejaa. Hirizi nikashona ngozi mwenyewe. Ndani yake, Mungu anisamehe, nikakunja karatasi ya peremende.

Nikamvika Zaina kwa mkono wangu huu. Akaniambia, "Hongea, wifi," yaani asante kwa Kisambaa, machozi yanamtoka.

Mtoto akazaliwa mzima, mnene, ana sauti ya kuamsha kijiji. Nikashusha pumzi. Hata nikajisifu kimoyomoyo, kumbe shaba ni shaba tu!

Likaota jino. Wanawake wakaja, wali ukapikwa, shangazi akaishika bangili aanze kutaja. Njuga akaitaja. Ufunguo akaugeuzageuza, akautaja taratibu. Alipofika kwenye kifungo akasimama.

"Hiki kina matundu manne," akasema. "Cha mume wangu kilikuwa na kikonyo nyuma. Nilikikata mwenyewe kwa meno. Hiki kimetoka wapi?"

Nikasema labda kilibadilishwa zamani. Zaina akaniangalia. Akaichukua ile bangili, akashika hirizi, akaing'ata uzi mpaka ukafumuka. Karatasi ya peremende ikadondoka mkekani, nyekundu, na picha yake ya chungwa.

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga! "Wifi," akasema, "miezi yote ile nililala nimeshika hii. Nilikuwa naongea na mama yako, kwa sababu naye alizika. Kumbe nilikuwa naongea na nini?"

Nikainama nikaiokota ile karatasi.

Nilimtafuta yule mwanamume kila gulio mpaka nikampata. Akanijibu huku anapanga vitu vyake, "Ile tuliifumua, mama. Watalii wanapenda kununua kimoja kimoja, wanavaa shingoni." Basi hirizi ya mama yangu iko kwenye shingo ya mtu asiyejua hata kwamba mama yangu aliishi! Nilitamani kumrarua, lakini ningemrarua kwa lipi? Kapu lilikuwa langu.

Zaina hakuitupa ile ya uongo. Aliondoa vyote vya uongo kimoja kimoja, akavua hereni yake moja akaitundika peke yake. Ile nati ya uongo akanirudishia mkononi, akanifunga vidole. Bangili sasa anaitunza yeye, na shangazi amekubali.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna kitu cha namna hiyo, kiwe kidani, pete, au ushanga uliooza uzi, usimwonyeshe mgeni. Huamini dawa yake? Usiamini. Mimi mwenyewe sijui kama ilikuwa na dawa. Lakini majina ya watu wako yamening'inia pale, na ukishayafumua hayafungiki tena. Kikikuchosha, mpe ndugu yako. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo, usiende kwa fundi!

Binti yangu, huyo wa kwenye baiskeli, sasa ni mjamzito. Juzi nilimsindikiza kwa Zaina kuomba bangili. Akapewa vizuri, akavaa, akaigeuza akaona hereni moja tu. Njiani akaniuliza, "Mama, cha kwako kiko wapi?"

Nikafungua ncha ya kanga, nikamwonyesha nati. Kisa hiki sijawahi kumsimulia; akacheka, akadhani namtania.