Bibi Niliyemwokota Mtandaoni

Chekeni kwanza, pole mtanipa baadaye. Nina ukurasa wa historia ya Tabora, na kazi yangu ilikuwa kuokota video za watu na kuzipamba kwa maneno matamu. Ya kwangu mwenyewe sikuwa nayo hata moja.

Mwezi uliopita niliokota dhahabu: bibi mmoja anaongea Kinyamwezi kwa hisia kali, mkono ameunyoosha kule mbali. Mimi mtoto wa mjini, wa mtaa wa Kanyenye, Kinyamwezi changu kinaishia kwenye salamu, lakini ule mkono ulinitosha. Nikaandika, "Bibi yangu mzaa mama anasimulia njia ya misafara, waliyopita wapagazi kwenda pwani." Watazamaji wakamiminika, nami nikavimba kichwa.

Jumamosi nikaenda Usoke na mshenga wangu kujitambulisha kwa kina Kalunde, mchumba wangu. Furaha ilikuwa imenijaa mpaka kooni. Baba mkwe akauliza, "Kijana, unafanya kazi gani?"

Nikatoa simu kwa mbwembwe. "Natengeneza maudhui yangu mwenyewe, baba. Huyu hapa ni bibi yangu." Nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Watu wakatazamana. Bibi yake Kalunde akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Mjukuu wangu, unajua anasema nini?"

"Anasimulia safari za zamani, bibi."

"Anamwambia huyo anayempiga picha, 'Zima simu yako. Njia ile pale, nenda zako. Mimi si bibi yako.'"