Neno la Mnunuzi wa Mawe

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, kuna moja ya Tunduru naikumbuka kama ya jana. Nilikuwa nimetoka hapa Songea na sururu begani kwenda kutafuta mawe ya thamani, nikaanza kuchimba shimo moja na rafiki yangu Hamisi, Myao mpole asiye na maneno mengi. Miezi mitatu ilipopita bila kupata kitu, nikamwambia, "Shimo hili lina mkosi, na wewe pia." Nikaondoka. Nikawa nachimba hapa wiki moja, kule siku nne.

Hamisi akapata yakuti ya bluu, kubwa kama punje ya mahindi. Wala hakuninunia, alinitafuta nimsindikize kuiuza. Mnunuzi alikuwa mzee wa Kiyahudi kutoka Uturuki, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Walipokubaliana, akamshika Hamisi mkono na kusema, "Mazal!"

"Mzee, ndilo jina la jiwe hilo?" nikauliza.

Akacheka. "Hapana. Ni bahati njema, kwa Kiladino, lugha ya mama yangu. Wazee wetu walifukuzwa Hispania zamani sana, wakaja Uturuki na lugha yao. Ila neno hili walilitoa kwenye Kiebrania, la kale zaidi. Mwanzoni lilikuwa nyota, mahali nyota inaposimama angani."

"Hata sisi husema mtu ana nyota," nikamwambia. "Yangu mimi haijawaka."

"Umechimba mashimo mangapi?"

"Saba."

"Na mwenzako?"

Hamisi akajibu mwenyewe, taratibu, "Moja."

"Sasa nyota yako itakukuta wapi, kijana?"

Niliona aibu, mwanangu, hadi jasho likanitoka. Tulipotoka nje nilimwomba Hamisi radhi kwa lile neno la mkosi. Akasema tu, "Sururu yako iko wapi? Twende."

Tulichimba pamoja miaka miwili. Jiwe kama lile hatukuliona tena, nisikudanganye. Tulipata madogo madogo, nami nikanunua shamba hili la Matogoro, nikamwoa mama yako. Hamisi alikuja harusini, akacheza hadi kiatu kikaachia soli.

Ninachokuomba ni hiki: kabla hujasema huna bahati, jiulize umekaa mahali pamoja kwa muda gani, na ni nani umemtupia lawama. Kazi ikikukatalia kweli, iache, lakini usimvunje moyo uliyekuwa naye. Mungu akufungulie njia, mwanangu, na akujalie rafiki wa kukupokea hata siku uliyomkosea.