Posa Iliyozunguka Uwanja Mara Nne

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni sasa tumalize, maana huku Mbinga wameshanicheka mpaka wamechoka, na kule ziwani ndiyo kabisa, nikishuka Mbamba Bay hata kununua samaki tu naulizwa, "Mwalimu, leo unasimama au unapita?" Nakiri kosa ni langu. Si la fundi, si la gari, wala si la shetani, ingawa huyo wa mwisho nilijaribu kumsingizia siku mbili za kwanza.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha Namswea mpaka nikafundisha watoto wa wanafunzi wangu, nina kahawa yangu kidogo, nina magoti mawili yanayolia kama bawaba, na nina gari. Gari lenyewe ni jeusi, milango miwili, pua ndefu, silinda sita, la zamani lakini lina ngurumo, ndoto yangu tangu niko chuo cha ualimu, nikalipata nilipostaafu wakati wenzangu wenye akili wananunua ng'ombe wa maziwa. Mke wangu Gaudensia hulipanda kwa kuingiza kichwa kwanza, halafu anasali.

Sasa mwezi wa sita nilikuwa napanda mlima kutoka ziwani, gari limechoka, linapumua kwa shida, mara nikasikia honi nyuma, nikajua ni basi, kumbe ni trekta! Trekta la chama cha ushirika, na tela lake limejaa mifuko ya mbolea! Likanipita. Dereva amevaa kofia mpaka kwenye nyusi, kitambaa cha kuzuia vumbi usoni, akanipungia mkono kwa heshima zote. Angenitukana ningesahau. Ile heshima ndiyo iliyoniuma.

Kesho yake nikaenda kwa fundi Otmari, ambaye ana dawa ya kila gari isipokuwa lake mwenyewe, lile limelala juu ya mawe tangu namfahamu. Akaniambia, "Mwalimu, hapa dawa ni supachaja." Akanieleza kwamba ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, inasindilia hewa ndani, moto unakuwa mkali, gari linapanda mlima kama linateremka. Alikuwa nayo moja, imetoka kwenye gari gani hakusema, na mimi sikuuliza (ukiuliza sana unajibiwa).

Nikafikiri wiki tatu nzima. Nikiwa shambani nafikiri, nikiwa misani nafikiri, padri anasema inueni mioyo mimi nainua boneti. Nikamwambia Gaudensia. Akaendelea kupepeta maharage, halafu akasema, "Baba Winfridi, gari unalitafutia mapafu mapya, na wewe ukipanda ngazi za kanisani unapumzika mara mbili. Anza na wewe." Nilipaswa kuishia hapo. Lakini mwezi ule ule kijana wetu Winfridi akatuambia amepata mchumba, anaitwa Restituta, anafanya kazi kwenye chama cha ushirika hapa hapa mjini, kwao ni ziwani, twende tukajitambulishe. Mimi nikaona picha yote: tumeshuka kuposa, tumepokelewa, tumeaga, halafu tunapanda ule mlima tukipitwa na trekta mbele ya wakwe! Nikamwambia Otmari aifunge.

Akaifunga, akatoboa boneti, akatoa pua ya bati juu ya kufyonzea hewa, na swichi ya ufunguo akaiunganisha upya kwa nyaya zake za kienyeji.

Sasa nyie mnajua posa ilivyo. Upande wa mwanamume mnaenda kwa unyenyekevu, mnabisha hodi kwa sauti ya chini, msemaji wenu anazungumza kwa mafumbo, halafu binti, ambaye muda wote yuko ndani, anaitwa na kuulizwa, "Hawa wageni unawajua?" Akisema nawajua, mmepokelewa. Akinyamaza, geuzeni mrudi mlikotoka. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea neno moja la binti ambaye sijawahi kumuona, na Winfridi njia nzima alikuwa anajifuta jasho kwenye viganja. Msemaji wetu alikuwa dada yangu Skola, tuliyemtoa Litumbandyosi kwa sababu anajua kupanga maneno.

Tukashuka vizuri, kusema ukweli, gari lilikuwa tamu. Nyumba ya mkwe, Mzee Osmundi, iko kando ya uwanja wa mpira, na njia ya mchanga inauzunguka uwanja wote, upande wa pili ni ufukwe umejaa vichanja vya kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani. Wakwe wamesimama mlangoni wamepangana, wamevaa vizuri. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaona niwasalimie kwa ngurumo kidogo. Nikakanyaga mafuta mara moja, hivi tu.

Pedeli ikashuka, haikurudi.

Nikakanyaga breki, ngumu kama nimekanyaga jiwe (Otmari alinieleza baadaye kwamba breki zinategemea ufyonzaji wa injini, na injini sasa ilikuwa inasukuma badala ya kufyonza, asante fundi). Nikachomoa ufunguo. Ufunguo ukatoka, ninao mkononi, na gari linanguruma vile vile! Gaudensia akauangalia, akasema, "Na huo unampa nani?"

Kwa bahati mchanga ulitupunguza, ukawa si mwendo wa kuua, ni mwendo wa kuaibisha. Tukawapita wakwe wakiwa wamenyoosha mikono kutupokea, nikazungusha usukani, tukauzunguka uwanja, tukarudi. Na dada yangu Skola, Mungu ambariki, akaona posa haiwezi kuharibika yeye yupo, akatoa kichwa dirishani.

"Hodi hapa nyumbaniii!"

"Karibuniii!" wakajibu wakwe, nasi tumeshapita.

Raundi ya pili akaendelea alipoishia. "Sisi ni watu wa taratibu, tumetoka huko juuu..."

"Karibuni mkaeee!"

Raundi ya tatu wazee walikuwa wameshakaa kwenye viti, wanageuza shingo kutufuata. Skola akasema, "Tumeona ua zuri bustanini mweeenu!" na Mzee Osmundi akasikika kwa mbali, "Ua gani?" lakini jibu lake ilibidi lisubiri raundi nyingine. Winfridi alikuwa ameinamia magoti, analia au anacheka mpaka leo sijui. Mimi nilikuwa nasema Shikamooni kila tukipita, maana sikuwa na neno lingine kichwani.

Raundi ya nne mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka binti, ambaye hakupaswa kutoka, amejifunika kitenge kipya kichwani, akakivua, akakimbia kando ya dirisha langu akipiga kelele, "Baba! Weka gia frii! Frii!"

Gia. Kumbe gari lina gia. Nikaisukuma, injini ikalia peke yake kwa uchungu, gari likaenda lenyewe polepole hadi ufukweni na kuingia kwenye kichanja cha usipa, usipa ukamwagika juu ya boneti, ile pua ya bati ikaufyonza wote uliokuwa karibu, kikasikika kishindo, halafu kimya, halafu harufu ya usipa wa kuchoma. Mbwa wawili wakaja.

Tuliingia ukweni kwa miguu, mimi nikiwa na magamba kwenye nywele. Niliogopa kuliko siku yoyote maishani, si kwa ajili ya gari, gari nililisahau, bali kwa ajili ya mwanangu, kwamba nimemvunjia nyumba kabla hajaijenga. Mzee Osmundi akakohoa, akamwita binti yake, akamuuliza kama desturi inavyotaka.

"Restituta. Hawa wageni unawajua?"

Binti akapiga magoti. Akatuangalia mmoja mmoja. Akakawia, jamani, akakawia sana.

"Nawajua, baba," akasema. "Na huyu mzee nilishawahi kumpita mlimani na trekta. Nilimpungia mkono."

Nikamgeukia Winfridi. "Si ulisema yuko ofisini?"

"Baba, mimi nilisema yuko kwenye chama cha ushirika. Ofisini umeweka wewe."

Tulipokelewa. Tulikula, na mboga ilikuwa usipa, na kila aliyepakua aliniongezea mimi.

Tangu siku hiyo nimeapa: gari langu likipitwa na lipitwe, hata na kuku, sitaliongezea hata upepo wa matairi kabla sijamuuliza mkwe wangu Restituta. Kwa sababu Jumatatu yake alishuka na trekta la chama, akalifunga gari langu kamba, akalivuta ule mlima wote hadi Mbinga, na mimi ndani nimeshika usukani, nawapungia mkono wanaotupita, gia nimeiweka frii bila kuambiwa.