Kipande cha Yeyo

Miaka ile watu walipokuwa wakibishana kwenye redio kama nchi iwe na chama kimoja au vyama vingi, kibarazani kwetu Mazingara vyama vilikuwa vitatu tayari. Mama alikuwa wa mraba. Alikata kila kipande kwa kipimo cha kiganja chake, na baina ya cha rangi na cha rangi aliweka kitambaa cheupe cha marekani, ili macho yapumzike. Jirani yetu, mzaliwa wa Kwaluguru, alikuwa wa mistari: vipande virefu vyembamba, toka kichwani hadi miguuni. Shangazi, dada yake baba, hakuwa wa chochote. Alishona alichookota, kipande cha suruali juu ya kipande cha pazia, na ukimuuliza huo ni mtindo gani alikujibu kwamba anashona kitu cha kujifunika, si ramani.

Mashuka tuliyounga hivyo tuliyaita mashuka ya vipande. Kila Alhamisi alasiri, shamba likishaachwa, walikuja na mafurushi yao, wakaketi mkekani, na kwanza kabisa kila mmoja alikunjua alipofikia ili asemwe. Jirani alikuwa anamshonea mjukuu kwa mashati ya marehemu mumewe, na kola alizibakiza nzima, zimejipanga ukingoni.

"Mtoto atakabwa na hizo kola," mama alimwambia.

"Na akabwe. Ni babu yake," jirani alijibu, akaendelea kupiga bandi kwa sindano yake.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nashona foronya, bado sijaamua chama. Nilizipenda alasiri zile kuliko sikukuu, na sijapata kitu cha kuziba nafasi yake.

Kabla ya hapo hatukuwa na cha kuchagua. Nguo ilikuwa ya foleni kwenye duka la ushirika. Ikija kaki, kijiji kizima kaki, na mabaki kwa fundi cherehani ni kaki hiyo hiyo. Kisha mambo yakaachiwa. Mitumba ikamwagwa chini sokoni Korogwe, na mama akarudi kutoka huko na gauni la maua ya zambarau ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelivaa. Alilikata siku ileile, anaimba.

Wa mwisho kujiunga nasi alikuwa mama mmoja wa Kimasai, ambaye boma lao lilikuwa ng'ambo ya lambo. Alianza kwa kutuletea maziwa, akawa anachelewa kuondoka, macho yote kwenye sindano. Tulimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Si wote walifurahi. Ng'ombe wa upande ule walikuwa wameshaingia kwenye mahindi ya watu, ya shangazi yakiwemo. Mama hakujali. Alimfundisha kupiga bandi, na Yeyo, aliyezoea kutunga shanga, punde akapiga bandi iliyonyooka kuliko zetu zote. Mama alijigamba naye kama amemzaa. Sikuwahi kumwona mama akicheka na mtu yeyote, hata baba, kama alivyocheka na yule.

Dada yangu alipoposwa Magoma, mama alianza shuka la harusi. Hilo lilikuwa na sharti: kila mwanamke wa kibarazani atoe kipande cha nguo aliyoivaa mwenyewe. Tuliambiwa ni ili bibi harusi asilale peke yake ugenini. Mawifi wangelifungua sanduku lake mbele ya watu na kusema kila watakachoona, na sifa za mawifi wa Magoma zilikuwa zimeshatufikia. Mama alitaka shuka lile liwafunge midomo.

Jirani alitoa kipande cha kanga. Shangazi alitoa mfuko wa gauni, na kifungo chake juu. Yeyo alileta kipande chekundu, kinang'aa, bado kinanukia duka. Mama alikiweka shavuni, kisha akakishona katikati kabisa, marekani nyeupe pande zote. Shangazi akaguna.

Wiki ya harusi tulilifua shuka ili tulitie wanga wa muhogo. Maji kwenye beseni yakawa kama tumechinjia humo. Tulipolitoa, wekundu ulikuwa umeshatembea, marekani yote ina mabaka. Dada alilia kwa sauti hadi jirani akaja mbio akidhani kuna msiba.

"Hiyo ni nguo mpya," shangazi alisema. "Iliyovaliwa huwa imeshamaliza kuchuja. Mlidhani sharti liliwekwa kwa mapenzi tu? Fumua hicho kipande, na mwenyewe asirudi hapa."

Hakuna aliyewahi kutuambia sababu hiyo. Na Yeyo ndiye aliyetokea wakati huohuo, kibuyu cha maziwa mkononi. Alilitazama shuka, akatutazama.

"Shuka langu limechakaa," alisema taratibu. "Bibi harusi nitampaje kitu kilichochakaa? Nilinunua jipya Handeni. Nikachana cha kwake kwanza, ndipo nikalivaa."

Kumbe alikuwa amefanya heshima. Alichukua wembe kwenye kopo la nyuzi, akachuchumaa, akaanza kutafuta uzi wa kufumua. Nilijua akikitoa kipande kile hatakanyaga tena kwetu, na nilijua mama naye anajua. Upande huu alikuwa binti yake analia, upande huu rafiki yake.

Mama alimshika mkono.

"Hilo lililobaki liko wapi?"

"Si hili nimelivaa."

"Livue."

Alimfunga Yeyo kanga yake mwenyewe. Kisha akabandika motoni sufuria tuliloazima kwa ajili ya pilau, akamimina chumvi, akatumbukiza shuka jekundu na shuka la harusi pamoja. Shangazi alisema wazi kwamba wifi yake ameingiwa na wazimu. Wale wawili walikoroga kwa mwiko mmoja, wanacheka. Jioni marekani yote ilikuwa pinki, kama ndani ya pera, haina baka hata moja.

Huko Magoma wifi mkubwa alilipapasa shuka, akaligeuza, akauliza marekani ya pinki inauzwa duka gani Korogwe.

"Haiuzwi," alijibu shangazi, kidevu juu. Shangazi yuleyule!

Kiangazi kilichofuata lambo lilikauka na maboma yakahama. Yeyo alikuja kuaga, bila maziwa. Alimpa mama kipande kilichokunjwa, cha lile shuka lake la zamani alilobebea watoto wake wote, limepauka hadi huwezi kusema lilikuwa rangi gani.

"Hiki nimekivaa," alisema. "Kimemaliza kuchuja."

Walikaa mkekani, sindano hazikuguswa, mpaka Yeyo akaitwa na wenzake.

Hakurudi. Kila siku ya mnada wa ng'ombe mama aliwauliza wanawake wa Kimasai habari zake, hadi wakawa wakimwona wanatikisa kichwa kabla hajafungua mdomo. Kipande kile hakukishona popote. Alikifunga kwenye pindo la kanga, wanawake wengine wanapofunga hela, na alipofariki ndipo nilipokikuta.

Mimi niliangukia chama chake, mraba na marekani nyeupe. Sasa namshonea binti yangu shuka la harusi, na katikati niliacha nafasi ya kiganja kimoja. Juzi, kabla ya kukishona kile kipande, nilikitumbukiza kwenye beseni jeupe, kwa tahadhari tu, nikakaa nikiyatazama maji. Nilitamani yabadilike, japo kidogo, mtu apate sababu ya kubandika sufuria na kumwita mwenzake.

Maji yalibaki meupe. Nikakikamua, nikakishona.