Namba 510,511

Nilijisomesha mwenyewe. Nilipakua samaki Longech, nikabeba simiti Nairobi, nikarudi Turkana na diploma ya ualimu wa hisabati. Kwetu Kaikor sijasikia mwingine aliyeipata kabla yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Huko Kakuma nilipewa kufundisha watu wazima waliotaka kuwa walimu wasaidizi katika kambi ya wakimbizi. Siku ya mtihani niliwaandikia ubaoni namba niliyoipenda kuliko zote, 510,511, nikauliza kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Chukua namba tasa saba za kwanza: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na 17. Zizidishe zote pamoja, kisha ongeza moja. Ukigawanya jibu kwa yoyote kati ya hizo saba, lazima ibaki ile moja. Kwa hiyo, niliamini, hiyo nayo ni tasa. Sikuwahi kuijaribu zaidi ya hapo. Hoja yenyewe ilikuwa nzuri mno.

Mama mmoja wa Sudan Kusini, muuza chai sokoni, aliandika kwamba inagawanyika kwa 19. Nikamkosesha. Alama hiyo moja ndiyo iliyomnyima nafasi ya ualimu.

Nilipowarudishia karatasi, alisimama akaniwekea yake mezani.

"Ustaz, gawa kwanza."

"Mama, mimi nina diploma. Wewe una nini?"

"Mimi niko na birika. Gawa tu, ustaz. Kugawa haiumi."

Darasa lilicheka. Sikugawanya.

Majina ya waliofaulu yalitakiwa ofisini Jumatatu. Jumamosi mchana, chumbani kwangu Lodwar, joto likiwa limenishinda hata kulala, niliigeuza karatasi yake. Nyuma alikuwa ameonyesha njia: ondoa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa mbili, ijumlishe na kilichobaki, kisha rudia. 510,511 ikawa 51,053, ikawa 5,111, ikawa 513, ikawa 57, ikawa 19. Nikachukua kalamu nikagawanya. Nilipata 26,869, bila baki. Mimi niliishia 17, na tasa inayofuata ni 19.

Jumatatu nilipeleka majina kama yalivyokuwa. Nilijiambia kwamba darasa zima lilinisikia, na kwamba mwalimu akishuka mara moja hapandi tena.

Ulipita karibu mwaka kabla sijaketi kwenye benchi lake sokoni.

"Ejok, ustaz," alinisalimu Kiturkana, akanimiminia chai bila kuniuliza.

Nikamwambia kwamba ile namba inagawanyika.

"Mimi nilijua siku ile ile," alisema. "Ile Jumamosi na Jumapili, nilikuwa nangoja wewe."

Nikamuuliza kama angependa kufanya mtihani tena.

"Wapi, ustaz?"

Kozi ilikuwa imefungwa, na haijafunguliwa hadi leo. Nililijua hilo nilipokuwa nikimuuliza. Alipangusa benchi upande wa pili, kwa ajili ya mteja mwingine.